Chuma kikiingia baharini kinaenda wapi? Uzi wa wabishi wa Liemba na Titanic

Mwl_Luiche (mwanzisha uzi)

Mwakeye wakuu,

Kuna ubishi umekuwa sugu vijiweni hapa Kigoma mjini. Upande mmoja unasema meli ya Liemba ilizamishwa Ziwa Tanganyika miaka kibao ikaopolewa ikiwa nzima, kwa hiyo chuma hakiyeyuki majini. Upande wa pili unaleta Titanic: inaliwa huko chini hadi itabaki jina, kwa hiyo bahari lazima iwe imejaa chuma. Hizi hoja mbili zote zinaishia njiani. Ngoja niweke ninachokijua, wenye nondo zao washushe.

Kwanza Liemba. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafumuliwa, ikafungwa kwenye makasha, ikaja kwa meli mpaka Dar, halafu reli mpaka hapa. Ikaingia majini 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Julai 1916 Wajerumani wenyewe wakaizamisha karibu na mdomo wa Malagarasi isije ikaangukia kwa adui, mashine wakaziacha zimepakwa grisi ya kutosha. Wabelgiji waliiinua ikazama tena, Waingereza wakaitoa 1924, na 1927 ikaanza kazi kwa jina tunalolijua. Kwa hiyo ndiyo, ililala majini miaka mingi na bodi ikafaa.

Ila hayo ni maji ya Tanganyika. Lita moja ya maji ya ziwa letu ina chumvi za kila aina zisizofika hata gramu moja. Lita ya maji ya bahari ina gramu 35 hivi. Maji ya bahari yanapitisha umeme karibu mara 70 kuliko ya hapa, na kutu ni kazi ya umeme mdogo mdogo: sehemu moja ya bati inatoa elektroni na kuachia ioni za chuma, sehemu nyingine oksijeni iliyo majini inazipokea hizo elektroni. Maji yakipitisha umeme vizuri, sehemu hizo mbili zinawasiliana hata zikiwa mbali, na chuma kinaliwa haraka. Kloridi nayo inatoboa ule utando mwembamba unaojijenga juu ya chuma na kukikinga kidogo.

Sasa hapa ndipo wengi wanapotea. Chuma kuliwa na bahari ni habari moja. Chuma kubaki kimeyeyuka ndani ya bahari ni habari nyingine kabisa.

Chuma kinapotoka kwenye bati kinatoka kama Fe2+, yaani ioni ya chuma iliyopoteza elektroni mbili. Hiyo inayeyuka vizuri tu, huioni kwa macho. Lakini maji ya bahari yana pH (kipimo cha asidi na ubesi) ya karibu 8.1 na oksijeni ya kutosha. Oksijeni inainyang'anya Fe2+ elektroni moja zaidi inakuwa Fe3+, na Fe3+ kwenye maji ya pH hiyo haina maisha: inadaka hidroksidi papo hapo na kugeuka chembe za kahawia. Wanaopenda milinganyo:

4Fe2+ + O2 + 10H2O → 4Fe(OH)3 + 8H+

Kwenye maji ya bahari yenye joto la nyuzi 25, nusu ya Fe2+ inakuwa imekwisha ndani ya dakika chache. Kwenye maji ya baridi kali ya kusini mwa dunia inachukua saa. Na pH ina nguvu ya ajabu hapa: ikipanda kwa kizio kimoja tu, kasi inapanda kama mara 100. Kwa hiyo bahari inakula chuma kwa mkono mmoja na kukitema kwa mwingine. Ile kutu inayoning'inia kwenye Titanic ndiyo chuma kilichotemwa.

Naomba kuwasilisha. Mods msihamishie Jukwaa la Historia, hii ni kemia.


Mama_Migebuka

Mwalimu nimekuelewa nusu. Mimi nina swali la nyumbani. Kisima chetu cha kuchimba na mashine kinatoa maji meupe peee, ukiyaacha kwenye ndoo mpaka jioni yanakuwa mekundu na juu yanaweka utando kama mafuta. Ukichemshia chai inakuwa nyeusi tii kama wino, hata maziwa hayaikomboi. Nguo nyeupe ndio usiseme, na jiki inazidisha. Ndiyo hiyo hiyo?


Mwl_Luiche

Dada, umeleta maabara nzima kwenye ndoo moja.

Chini kule maji yamekaa kwenye miamba bila oksijeni. Udongo wetu huu mwekundu umejaa chuma, na pasipo oksijeni kinakuwa Fe2+ kinachoyeyuka. Pampu ikiyavuta yanatoka safi. Yakikutana na hewa, ule mlinganyo wa juu unaanza kufanya kazi ndani ya ndoo yako. Utando wa juu si mafuta, ni kutu changa. Ukitaka kuhakikisha, uguse kwa kijiti: wa mafuta unajirudi na kuungana, wa chuma unavunjika vipande vipande. Na jiki inazidisha kwa sababu kazi yake ni kuoksidisha, kwa hiyo inakigandisha chuma kwenye uzi wa nguo.

Chai ndiyo inayonifurahisha zaidi. Majani ya chai yana tanini, na tanini inakamata chuma na kukishikilia. Ile rangi nyeusi ni chuma kilichoshikwa. Zamani wino wenyewe ulitengenezwa hivyo hivyo, chumvi ya chuma na tanini. Sasa jaribu ndimu kwenye doa la kutu kwenye nguo, weka na chumvi kidogo, anika juani. Doa linaachia. Asidi ya ndimu nayo inakikamata chuma, ila yenyewe ikikishika inatembea nacho majini badala ya kukiacha kwenye kitambaa.

Shika hapo, maana ndiyo siri ya bahari nzima. Kama ingekuwa chuma na maji ya chumvi peke yake, chuma kilichoyeyuka kwenye bahari ya wazi kingekuwa karibu na sifuri. Lakini kinapimwa kipo; ni kidogo, ila ni zaidi ya hesabu ya kutu peke yake inavyoruhusu. Miaka ya 1990 wapimaji wa kemia ya bahari wakaonyesha kwamba zaidi ya asilimia 99 ya chuma kilichoyeyuka kimeshikwa na molekuli za kikaboni. Wanaziita ligandi. Nyingine ni mabaki ya majani yaliyooza yaliyoletwa na mito, nyingine zinatoka kwa viumbe waliopasuka na kufa, na nyingine zinatengenezwa na bakteria kwa makusudi: bakteria anatoa molekuli nje ya mwili wake, inakwenda kutafuta chuma, ikikipata inarudi nacho. Hizo za makusudi zinaitwa siderofori, na zinakishika chuma kwa nguvu ya kutisha.

Chuma kilichopata ligandi ni kama abiria aliyepata siti kwenye treni ya kwenda Tabora. Kisicho na siti kinashushwa stesheni ya kwanza.


Fundi_Sinia

Mwalimu hapo kwenye siti umenimaliza 😂😂

Ila mimi ni wa kuchomelea, nataka upande wangu. Boti tunazotengeneza hapa Kibirizi ukipiga rangi ya kutu vizuri inakaa. Jamaa yangu yupo Tanga anasema kule kila msimu ni kukwangua. Hiyo ni chumvi tu au kuna lingine?


Bandarini_Tanga

Jamaa yako ndiye mimi au mwenzangu maana sote tunalia. Mkuu, kwa pwani bati lisilokingwa na maji ya bahari linapoteza kama sehemu ya kumi ya milimita kwa mwaka likiwa chini ya maji muda wote. Inasikika ndogo, ila kutu haili sawasawa, inachimba vishimo. Bati la milimita 4 linaweza kutoboka sehemu moja huku kwingine liko imara. Halafu pabaya zaidi si chini. Ni pale maji yanaporuka na kukauka, yanaruka na kukauka. Pale kuna chumvi, kuna unyevu, na oksijeni ya bure. Nguzo za gati utaona zimeliwa kiunoni.

Ndiyo maana tunafunga vipande vya zinki chini ya boti. Zinki inatoa elektroni kirahisi kuliko chuma, kwa hiyo inaliwa yenyewe. Kuna fundi mmoja alimpigia zinki rangi mteja "ili ipendeze". Zinki ikabaki mpya, boti ikatoboka. Zinki haipigwi rangi jamani.


Mvinza_wa_Chumvi

Watu wa Uvinza tupo. Hamjatutaja na sisi ndio tuna maji ya chumvi bila bahari. Chemchemi zetu zimechemshiwa chumvi tangu enzi za mababu wa mababu, zaidi ya miaka elfu moja wanasema waliochimba mabaki ya kale. Nachotaka kuuliza: nondo iliyozama moja kwa moja ndani ya maji ya chumvi kali inakaa vizuri kuliko ile iliyochungulia nje. Kwa maelezo yenu chumvi ikizidi ilitakiwa iliwe zaidi. Imekaaje hiyo?


Mwl_Luiche

Mvinza umepiga penyewe. Kutu inahitaji chumvi ya kupitisha umeme NA oksijeni. Ukizidi kuongeza chumvi, maji yanazidi kukataa oksijeni, kwa sababu maji yaliyoshiba chumvi yanabeba oksijeni kidogo sana. Kwa chumvi ya kawaida, kasi ya kutu inafika kileleni kwenye asilimia 3 hadi 3.5 hivi, kisha inashuka. Sasa angalia bahari ina asilimia ngapi: 3.5. Bahari imekaa palepale pabaya. Maji yenu yaliyochemshwa mpaka yakakolea yamevuka kilele. Ile nondo inayochungulia inapata chumvi chini na hewa juu, haina pa kukimbilia.


Sokwe_wa_Gombe

Mwalimu unakwepa. Chuma kilichoyeyuka baharini ni KIASI GANI? Lete namba.


Mwl_Luiche

Haya. Juu ya bahari ya wazi, mbali na nchi kavu, mara nyingi ni chini ya nanomoli 0.2 kwa lita. Kule chini, kwenye kina cha kilomita moja na zaidi, inafika kama 0.6 au 0.7. Tuseme 0.2. Chuma kina gramu 56 kwa moli, kwa hiyo hiyo ni kama nanogramu 11 kwa lita, yaani sehemu 11 za bilioni za gramu. Ukitaka gramu moja ya chuma kutoka kwenye maji ya juu ya bahari unahitaji lita milioni 90. Hizo ni simtanki 9,000 za lita elfu kumi kumi. Mwili wako wewe mtu mzima una gramu 3 au 4 za chuma, nyingi iko kwenye damu. Ukijizamisha, una chuma kuliko lita milioni 250 za maji yanayokuzunguka.

Na hii ni elementi ya nne kwa wingi kwenye ganda la dunia, karibu asilimia 5. Sodiamu kwenye ganda ni kidogo kuliko chuma, lakini baharini sodiamu ni gramu 10 na kitu kwa lita. Tofauti yao ni moja tu: sodiamu ikiyeyuka imeyeyuka, haina habari na oksijeni wala hidroksidi.

Hata neno "kilichoyeyuka" tulishike kwa uangalifu. Wapimaji wanachuja maji kwenye chujio la mikromita 0.2, kinachopita wanakiita kimeyeyuka. Lakini ndani ya kilichopita kuna chembe ndogo mno za kutu ambazo kwa kweli hazijayeyuka, zimeponyoka tu chujio. Nyingine zitagandamana na kuzama kesho. Kwa hiyo namba ndogo niliyotoa, bado imejumuisha wasiostahili.

Namba za zamani zilikuwa kubwa sana, na sababu ni ya aibu kidogo: meli ni ya chuma, waya wa kushushia chupa ni wa chuma, vumbi la kutu liko kila mahali kwenye sitaha. Watu walikuwa wanapima meli yao. Mpaka miaka ya 1980, walipoanza kutumia chupa za plastiki zilizooshwa kwa asidi, kamba zisizo za chuma na vyumba vya hewa iliyochujwa, ndipo chuma halisi cha bahari kilipojulikana.


DagaaMkavu

Sasa mwalimu kama ni kidogo hivyo si basi tu, tukiache? Kina kazi gani?


Mwl_Luiche

Ndugu yangu DagaaMkavu, bila hicho kidogo usingekuwa na jina.

Mwani wa baharini, wale wadogo wasioonekana wanaolisha kila kitu, wanahitaji chuma kutengeneza klorofili na kusafirisha elektroni wakati wa usanisinuru. Wanakihitaji pia kutumia nitrati. Kuna sehemu za bahari zina nitrati na fosfati tele, jua lipo, lakini maji ni matupu: Bahari ya Kusini inayozunguka Antaktika, Pasifiki ya ikweta, na Pasifiki ya kaskazini kabisa. Miaka mingi watu waliumiza kichwa kwa nini mbolea ipo na shamba halioti.

John Martin wa maabara za Moss Landing, California, ndiye aliyesimama kidete kwamba kinachokosekana ni chuma. Mwaka 1988 alitoa ule utani wake maarufu kwamba apewe chuma cha kujaza nusu ya meli, naye atawapa zama za barafu: chuma kioteshe mwani, mwani unyonye kaboni dioksidi, dunia ipoe. Alifariki 1993, miezi michache kabla wenzake hawajaenda kumwaga kama kilo 450 za chuma karibu na visiwa vya Galapagos kwenye eneo la kilomita za mraba 64. Mwani ukaitikia. Wakarudi 1995 wakamwaga kwa awamu, klorofili ikapanda zaidi ya mara 20 na maji yakageuka kijani. 1999 wakaenda Bahari ya Kusini, na wiki sita baadaye setilaiti ilikuwa bado inaona mchirizi wa kijani.

Angalia walivyomwaga, maana kemia ya uzi huu iko hapo. Hawakutupa vyuma. Walitumia salfeti ya chuma, ambayo ni Fe2+, wakaiyeyusha kwenye maji yaliyotiwa asidi ili isioksidike kabla haijatoka kwenye bomba. Pamoja na hayo, ndani ya siku chache sehemu kubwa ilikuwa imegeuka kutu na kuzama, ikabidi wamwage tena. Mwani wenyewe na bakteria wakaanza kuongeza ligandi majini kukishikilia kilichobaki.

Kwa kawaida chuma kinafikaje huko? Kwingi ni vumbi. Vumbi la Sahara linavuka Atlantiki kila mwaka, ingawa asilimia chache tu za chuma chake ndizo zinazoyeyuka. Matope ya pwani yanatoa Fe2+ pale oksijeni inapoisha ndani yake. Barafu zinazoyeyuka zinaachia vumbi la mawe. Na chemchemi za moto chini ya bahari: zamani ilidhaniwa chuma chake kinaganda palepale mdomoni, ila mwaka 2015 ikaonyeshwa kwamba kwenye Pasifiki kinasafiri zaidi ya kilomita 4,000 kutoka kilipotokea. Nyangumi nao wamo, kinyesi chao kina chuma kikali kuliko maji ya pembeni kwa mamilioni ya mara. Msicheke.

Mito ndiyo inayoshangaza. Ungetegemea Rufiji na wenzake wawe ndio wabebaji wakubwa. Wanabeba chuma kingi kweli, kimejishika kwenye vipande vidogo vya mboji vinavyosukumana kwa chaji hasi. Mto ukikutana na chumvi ya bahari, chaji zinazimwa, vipande vinagandamana, na mara nyingi asilimia 90 ya chuma hicho inazama palepale mdomoni.


Mlalahoi_Msomi

Wakuu nimesoma nimepata wazo la pesa. Dagaa wamepungua, ziwa linafungwa, watu wanalia njaa. Vyuma chakavu vimejaa mjini. Kwa nini tusitupe vyuma chakavu ziwani, mwani uote, dagaa wale, tuvue? Mwalimu usiniangushe, nimeshaanza kuandika andiko la mradi.


Fundi_Sinia

Andiko lako litapita mpaka kwa mwenye nyavu ambaye mzigo wako utamkatia kila usiku.


Mwl_Luiche

Acha kuandika, mkuu. Kwanza maji yetu yana pH ya karibu 9 kule juu, juu zaidi ya bahari. Chuma chakavu kitatoa Fe2+ polepole, nayo itageuka kutu hata kabla haijatoka pale ulipoitupa. Utapata mawe ya kahawia na nyavu zilizochanika.

Pili, shida ya ziwa si ile ya Antaktika. Watafiti wamewahi kuchukua maji ya Tanganyika wakayaongeza naitrojeni, fosforasi na chuma kwenye chupa kuona mwani unaitikia nini, kwa hiyo chuma si kitu cha kudharau hata hapa. Lakini ghala la mbolea la ziwa hili liko chini. Kina chetu kinafika mita 1,470, na oksijeni inaishia kama mita 100 upande huu wa kaskazini, kusini inakwenda mpaka 200 na zaidi. Chini ya hapo ni giza, salfidi (ile salfa yenye harufu ya yai viza), na virutubisho vilivyokusanyika. Upepo wa kusi ukivuma vizuri kuanzia Mei unayasukuma maji ya juu, ya chini yanapanda, mwani unaota, dagaa wanashiba. Maji ya juu yakizidi kupata joto yanakuwa mepesi na kukataa kuchanganyika. Utafiti uliotoka 2003 ulikadiria kwamba uzalishaji wa mwani ziwani umeshuka kama asilimia 20 kwa sababu hiyo, na kwamba samaki wangeweza kupungua kama asilimia 30. Chuma chakavu hakitibu hilo.

Hata baharini kwenyewe mambo si mteremko. Mwaka 2009 Wahindi na Wajerumani walimwaga tani chache za chuma kusini mwa Atlantiki. Mwani uliota, wadudu wa majini wakaula, na kaboni iliyozama ikawa kidogo mno. Silika ya kujengea magamba ilikuwa haba, kwa hiyo wale mwani wenye magamba mazito ambao huzama vizuri hawakuota. Mwaka 2012 kuna kikundi kilimwaga kama tani 100 za salfeti ya chuma pwani ya magharibi ya Kanada kwa hoja kama yako, ya kuongeza samaki, kukazuka ugomvi wa kimataifa. Nchi za Mkataba wa London, ule wa kuzuia utupaji wa taka baharini, zilikuwa zimeshakubaliana tangu 2008 kwamba umwagaji usio wa utafiti usiruhusiwe.

Mimi msimamo wangu ni kwamba anayetaka kumwaga kitu majini kwa ukubwa huo atuonyeshe kwanza anakijua kinakoishia. Kwa chuma bado hesabu hiyo haijafungwa.


Mlalahoi_Msomi

Sawa nimefuta. Ila hiyo sehemu ya chini isiyo na oksijeni, si Fe2+ ingejaa tele?


Mwl_Luiche

Swali zuri kuliko mradi wako. Pasipo oksijeni Fe2+ haigeuki kutu, kweli. Lakini palipo na salfidi inakutana nayo na kuganda kama salfidi ya chuma, nyeusi. Bahari Nyeusi iko hivyo hivyo chini ya mita 100 na kitu. Chuma kinajaa hasa kwenye maji yasiyo na oksijeni na pia yasiyo na salfidi nyingi. Bahari nzima iliwahi kuwa hivyo! Kabla ya miaka bilioni 2.4 iliyopita hewa haikuwa na oksijeni ya maana, na bahari ilibeba Fe2+ maelfu ya mara kuliko leo. Oksijeni ilipoanza kuzalishwa, chuma kikaganda kuwa miamba ya michirizi, myekundu na ya kijivu, na madini mengi ya chuma yanayochimbwa Australia na Brazili ni hiyo miamba.


Sokwe_wa_Gombe

Kwa hiyo Liganga kule Njombe, yenye chuma chetu, nayo ilikuwa bahari?


Mwl_Luiche

Hapana, Liganga ni habari ya moto. Ule ni mwamba uliotoka kwenye ujiuji wa volkano chini ya ardhi, chuma chake kimechanganyika na titani na vanadi. Hauna uhusiano na bahari ya kale.


FormSix_Mchovu

Shikamoo mwalimu. Nasoma PCB (fizikia, kemia na baiolojia), nataka kufanya projekti ya chuma kwenye maji ya ziwa na ya visima. Shule yetu haina vifaa vya maana. Nianzie wapi?


Mwl_Luiche

Marahaba mwanangu. Chuma cha ziwa maji ya juu utakikosa kwa vifaa vya shule, ni kidogo. Anza na visima vyenye tatizo kama la Mama_Migebuka, kule chuma kinaweza kufika miligramu kadhaa kwa lita, hiyo utaiona kwa rangi.

Tumia chupa za plastiki tu, zilizokaa usiku kucha kwenye asidi dhaifu halafu zikasuuzwa kwa maji yaliyotoneshwa. Ndoo ya bati na kamba yenye waya usivisogeze. Jaza chupa mpaka juu pasibaki hewa, funika. Chukua mbili kila kisima: moja itie matone ya asidi palepale kisimani ili chuma kisigande, nyingine iache kama ilivyo. Ukifika maabara, pima zote mbili kwa thayosayaneti (kemikali inayotoa rangi nyekundu ikikutana na chuma) kama mlivyofundishwa, ila kumbuka thayosayaneti inashika Fe3+ tu, kwa hiyo ile yenye asidi itie kwanza haidrojeni peroksidi kidogo igeuze Fe2+ yote. Ile isiyo na asidi ichuje kwanza, kisha maji yaliyopita yatie asidi na peroksidi vilevile ndipo upime, na uanze kuhesabu muda tangu ulipoifungua. Chora grafu ya chuma kilichobaki dhidi ya muda. Pima na pH ya kila kisima, maana kisima chenye pH ya chini kitakuchelewesha mno na utadhani umekosea.

Gharama kubwa itakuwa asidi. Omba maabara ya shule, usinunue ya betri mtaani, ina chuma chake.